Mwenye Radi wa Hotelini

Fereej Bin Mahmoud, Doha
12 Novemba 2012

Kwa dadangu Nyaboke,

Salamu zangu zikukute wewe na Mama mkiwa wazima, na lile goti lake liwe limeacha kumsumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii anakuletea Terry, mwenzangu anayekuja likizo. Simu sikuitaka, maana Mama huwa anasikiliza pembeni, na wewe unajua vile mdomo wangu hukimbia. Niliacha shule kidato cha pili, lakini mwandiko wangu bado unashinda wako, kubali.

Hapa mimi ni mtu mkubwa. Nalinda mlango wa hoteli, na sare yangu ukiiona utanipigia saluti bila kuambiwa. Mwezi uliopita waliweka ukumbini sanamu ya mzee wa ndevu, mrefu kupita mlango wa kanisa letu. Kumpangusa vumbi nikapewa mimi. Ana tai, si ya shingoni, ni ndege, na mkononi amekamata radi kama mtu anayetoka kununua miwa.

Ndirangu, mlinzi mwenzangu aliyemaliza kidato cha nne na hatuachi tusahau, akaniambia huyo ni Jupita, mkuu wa miungu ya Warumi wa kale, mwenye anga, mvua na radi. Nikamuuliza ni mungu gani huyo wa kukaa kifua wazi kama ametoka kuoga. Akasema nicheke tu, lakini watu walikuwa wakiapa kwake wameshika jiwe, kwamba nikidanganya kwa kujua, Jupita anitupe mbali na kwetu kama ninavyolitupa jiwe hili.

Na maringo yangu, nikaokota kokoto kwenye chungu cha maua, nikaanza kuapa kwamba sijawahi kumdhuru mtu kwa uongo. Sikumaliza, nikairudisha kokoto chunguni. Ndirangu akasema hata mungu wa plasta amenishinda. Sikucheka, dada. Mwaka wa tatu huu niko jangwani, nikaona mimi nilishatupwa kitambo.

Uliniambia Nyanya Kwamboka, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, amerudi shambani kwake kutoka kwa binti yake alikokimbilia, na kwamba wazee watakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kumfukuza tena. Ukasema vijana wamenunua petroli. Eti kwa sababu alimtumia Baba radi.

Hakutuma kitu. Ng'ombe wetu alipokula mahindi yake, alimwambia Baba kwa hasira kwamba Mungu anaona. Basi. Mimi ndiye niliyewaambia wazee kwamba alisema Mungu atamwona kwa radi.

Siku ya pili yake Baba alinituma nimrudishe ng'ombe kabla ya mvua. Nikamwacha amefungwa chini ya mkaratusi, nikaenda sokoni kutazama mpira. Baba alipoona mawingu alitoka kumfungua mwenyewe. Radi ikawamaliza wote wawili. Niliporudi, watu walikuwa wanaulizana radi imetumwa na nani, maana kwetu haiji bure. Nikaogopa swali linalofuata litakuwa nani alitumwa kumrudisha ng'ombe. Nikatoa jina la Nyanya Kwamboka.

Msomee Mama kwanza, halafu chifu, halafu wazee, kabla ya Jumamosi hiyo. Mama akisema mimi si mtoto wake, usinitetee. Barua usiichome, maana wazee watataka kuuona mkono wangu. Na Nyanya Kwamboka usimwache alale peke yake, hata kama wewe ndiye utalala kwake.

Nisalimie kaburi la Baba, na wale wa nyumbani watakaokubali salamu yangu. Wasiokubali, waache.

Ni mimi nduguyo,
Athanas