Uchungu wa Dacar

Hodan mjukuu wangu,

Assalamu aleikum. Huku Garissa tu wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako amepeleka ngamia Bura kutafuta malisho, na macho yangu bado yananitosha kuandika.

Umeniuliza kama dacar, huu mshubiri wetu, umewahi kumponya mtu wa kisukari, maana huko maabara mnaupima. Nitakuambia ninachokijua.

Dada yangu Khadija aliugua tukiwa wasichana. Kisomali ugonjwa huo tunauita macaan, yaani utamu. Hospitalini alipewa sindano. Lakini mama alisema utamu hufukuzwa na uchungu, akachemsha dacar, na sindano zikawekwa kando. Khadija alikunywa, akatapika. Mama akashangilia: "Wallahi, mnaona? Utamu unatoka!" Majirani wakaja kumpongeza. Khadija mwenyewe alicheka, midomo imemkauka. Tulimzika kabla mwezi mpya haujaandama.

Usimlaumu mama. Alimpenda sana, na neno ndilo lililomdanganya.

Majani uliyoniomba nimeyatuma kwa basi. Yapimeni vizuri, huenda Mwenyezi Mungu ameweka kitu humo. Lakini mkikipata, kipeni jina jingine. Siku mtakayotaja dacar redioni, kuna mama huku ataweka sindano kando asubuhi hiyohiyo, na mtoto wake akitapika, atafurahi.

Akulinde Aliyekuumba.

Ayeeyo wako, bibi anayekuombea,
Fatuma