Vikapu Vyenu Vinanuka Samaki

Halifax, Kanada

Kwako dada yangu Rosa,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana ukiwa umesimama utazipokea mbiombio kama kawaida yako. Goti linasemaje? Na Baba, bado anasikia kwa sikio moja tu, au anachagua cha kusikia? Mimi ni mzima. Kazi ni ileile, kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba yao ya kutunziwa. Mgongo unalalamika lakini unatii.

Naandika Kiswahili, si Kijaluo, kwa sababu najua barua hii utaisoma mbele ya kikundi kizima, nami nataka Bhoke wa Ntimaru, asiyejua Kijaluo, asikie mwenyewe. Mara ya mwisho alitafsiriwa barua na mwenzenu Min Otis, akaambiwa eti nimeolewa.

Umeniuliza mara mbili kwa nini nimenyamaza kuhusu vikapu. Nilinyamaza kwa woga. Wewe ndiye uliyewashawishi akina mama wenzako kumi na mmoja waache kulilia nyavu zilizokwama, wavune hilo gugumaji lililofunga ziwa na kulisuka. Watu wa Sori waliwacheka, ati mnasuka takataka. Halafu mimi nikakutafutia soko: Bi Hilda, mwenye duka dogo la vyombo vya nyumbani karibu na kazini kwangu. Ningekuandikia vipi kwamba soko lenyewe linakufa?

Wacha nikuambie sasa. Siku katoni zilipofunguliwa dukani, harufu ilitoka kabla ya kikapu. Haki ya Mungu, Rosa, nilishikwa na njaa! Ilikuwa harufu ya mbuta wa moshi, yule samaki wa ziwa letu, mbuta kabisa wa banda lako la kukaushia. Hapo ndipo nilipoelewa: mvua ilikuwa haikatiki, jua hakuna, nawe ukayaanika mabua ya gugu juu ya moshi pamoja na samaki. Nani wa kwetu angeona kosa hapo? Moshi hukausha, basi. Lakini Bi Hilda alishika pua.

"Niliagiza vikapu vya mkate," alisema. "Nani ataweka mkate humu?"

Nikavipulizia manukato yangu, vikanuka kama samaki anayekwenda harusini. Bi Hilda akavitangaza gazetini, hakuja mtu. Akavirundika pembeni, akaniambia vikibaki hadi mwisho wa mwezi atavitupa, na hataagiza tena.

Sasa sikiliza. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, alinunua kimoja cha kuwekea nyuzi zake za kufuma. Alipofika nyumbani, paka wake akazitoa nyuzi zote, akaingia yeye, akakataa kutoka. Mwalimu akaenda kwenye kompyuta akalieleza jambo hilo, na duka alikokinunua kikapu. Hapa kompyuta zinaunganishwa kwa waya za simu, wanaita intaneti, na mle ndani kuna ukurasa wa wapenda paka. Ufikirie kama ukuta wa soko ambao yeyote anaweza kuuandika, na aliye mbali akausoma papo hapo, akajibu chini yake. Hakuna anayewalipa. Wanaandika tu, paka wangu kafanya hivi, wangu kafanya vile. Kesho yake watu watatu walikuja dukani kuulizia "kile kikapu kinachonuka". Kabla ya wiki kuisha wakaja wengine tisa. Mmoja aliandika kwa hasira kwamba nyumba yake yote inanuka samaki, na malalamiko yake yakaleta wateja kuliko sifa!

Ndiyo, vikapu vyenu wanavilalia paka. Usikunje uso, na mwambie Min Otis aache kucheka. Hapa paka ana daktari wake.

Bi Hilda naye tamaa ikampanda. Akaniketisha mbele ya kompyuta ya duka. "Andika kama mteja," akasema. "Sema una paka na anakipenda."

Nami, dada, nikaandika. Nilijua ni uongo, lakini niliwawaza nyinyi kumi na wawili. Nikasema paka wangu hataki kulala pengine. Papo hapo mtu akauliza: anaitwa nani? Nani kwetu aliyewahi kumpa paka jina? Nikajibu, "Haitwi, huja mwenyewe." Mwingine akauliza anakula nini. Nikaandika: ugali, na panya akiwapata.

Yawa! Ukuta mzima ulinigeukia. Huyu hana paka! Huyu ametumwa na duka! Mmoja akasema watu wasinunue tena kwa wanaojifanya wateja, na wengine wakaanza kumuunga mkono. Bi Hilda akawa mweupe kuliko alivyoumbwa. Mimi niliona kazi yenu yote inazama kwa vidole vyangu viwili ambavyo hata kuchapa havijui.

Nikamwomba Bi Hilda anipishe, nikaandika tena, polepole. Nilisema: "Sina paka. Mimi ni Akoth, natunza wazee. Vikapu vimesukwa na dada yangu Rosa na wenzake huko Sori, kando ya ziwa, kwa gugu lililowafungia njia ya mitumbwi. Vinanuka kwa sababu mvua ilizidi, akakausha mabua kwa moshi pamoja na samaki wake. Aliyedanganya ni mimi, si wao. Nisameheni." Sikungoja majibu. Nilikwenda kazini nikajifungia katika chumba cha mashuka, nikalia.

Kesho yake Bi Hilda akanipigia simu nifike. Pale pembeni palikuwa patupu. Mwalimu yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kunijibu, akasema anamwamini mtu anayekiri kosa. Baada yake wakafuata wengi, kila mmoja na swali lake, na waliokaa karibu wakaja dukani wenyewe. Bi Hilda sasa anataka vikapu mia moja, na amenisihi nikuambie mkaushe vilevile. Usivioshe, Rosa! Najua ukifika hapa katika barua mkono unakwenda kwenye sabuni. Usithubutu. Na kila kikapu kifungwe karatasi yenye jina la aliyekisuka, ndivyo wateja wanavyotaka. Bhoke naye aandike lake, asijifiche nyuma yako.

Nisalimie Baba kwenye sikio linalosikia. Nisalimie shangazi wa Karungu anayeniombea kila Jumapili, na shemeji aliyebeba katoni hadi Migori bila kunung'unika, au alinung'unika ukanificha. Bwana Salim, aliyewapa katoni zenyewe kutoka dukani kwake, mwambie Mungu amzidishie.

Nimebaki na jambo moja. Miaka minne hapa watu huniuliza ninatoka wapi, na kabla sijamaliza kujibu macho yao yameshahamia kwingine. Jana nilifungua ule ukurasa, nikakuta mtu nisiyemjua, wa mji nisioujua, ameandika: "Akoth, huko Sori mvua imekatika?" Chini yake wengine sita wameuliza hivyohivyo. Dada, nilikaa pale nikashindwa kuwajibu, kwa kuwa hata mimi sijui. Niandikie upesi. Wananingoja.

Mdogo wako, anayekupenda kuliko anavyosema,

Akoth