Jina Lililoingia Katika Disiki

Kalemie, tarehe 9 Juni 1978

Yaya Émérence,

Samaki ndakala ulizotuma toka Moba zilifika kavu, Mama anakushukuru. Anakohoa kidogo tu.

Disiki yangu ya kwanza imetoka, ile niliyoimba peke yangu. Unajua orkesta yetu ilivunjika mwaka jana. Ngoy, mupiga gitaa wetu, alienda Kabimba kwenye kazi ya simenti, na hatusemeshani tena. Lakini kinywa kina mazoea, Yaya. Siku ya kurekodi, kabla gitaa haijaingia, niliita kama miaka yote: «Ngoy, piga!» Aliyepiga ni muntu mwingine. Alinuna, lakini bande ya kurekodia ilikuwa inaisha, watu wa studio wakakataa turudilie.

Sasa redio inaupiga wimbo ule kila siku, na muji muzima unasema tumepatana na Ngoy. Nacheka, sijui kwa nini nacheka. Jana dada yake alikuja kunieleza: Ngoy alisikia jina lake, akaacha kazi, akanunua nyuzi za mupya. Anafika Jumamosi.

Nimuambie nilikosea? Upande wa pili wa disiki redio hawajaupiga bado. Wimbo wa huko hauna gitaa hata kidogo, Yaya, na humo pia nilimuita.

Mudogo wako,
Adrienne