Kamera Isiyo na Mkanda

Kasulu,
6 Juni 1999

Kaka Pasikali,

Shikamoo. Mimi mzima, Gharibu mzima, na Adija mzima kupita kiasi. Jana kamwaga mawese yote ya wiki. Hofu yetu ni ninyi huko Busunzu, hasa mama na miguu yake. Bado inamvimba? Na maharage je, yametoka?

Baada ya salamu, dhumuni. Anayekupa barua hii ni Obedi, dereva wa lori la mahindi. Atakupa na boksi. Ndani yake mna kamera, ndogo kama kipande cha sabuni. Kuna mzungu wa ofisini kwetu aliyemaliza mkataba wake, ndiye aliyeniachia. Anasema ni ya bei rahisi, imetengenezewa watu wanaoanza kujifunza, hata mtoto anaiweza. Basi na wewe utaiweza.

Kaka, unayakumbuka maneno ya mama siku nilipofunga ndoa bomani. "Ukiolewa na Mwislamu wako huyo, sura yangu hutaiona tena." Mwaka wa nne huu sijakanyaga Busunzu, na yeye hajanitumia hata salamu. Mwanangu ana miaka mitatu. Ananiuliza bibi yake yukoje, nami namchorea chini kwa kijiti. Sasa, mama alisema sura. Picha hakuitaja. Mbembeleze akae umpige, nami nimwone bila yeye kulivunja neno lake.

Kuna kidude juu, kibonyeze mpaka kamera ilie. Inabeba picha kumi na sita, na hesabu yake iko kwenye kidirisha kidogo nyuma. Haina mkanda, kwa hiyo usiifungue kutafuta mkanda. Nakujua.

Mdogo wako,
Ernesta


Busunzu,
19 Juni 1999

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba. Sisi wazima, uzima wa watu waliochoka. Miguu ya mama inavimba jioni, asubuhi inapungua. Maharage nusu wamekula wadudu, nusu tunakula sisi. Msalimie shemeji, na huyo mmwaga mawese.

Kamera niliifungua kutafuta mkanda. Usinilaumu, nani amewahi kuona kamera isiyo na mkanda? Nilikuta betri ndogo nne, basi. Nikasema kumbe huyu mzungu kampa dada yangu boksi la betri.

Kumbembeleza mama kumenichukua siku tatu. Siku ya kwanza alisema hana nguo. Siku ya pili aliuliza kamera imetoka kwa nani. Nilipokutaja akachukua jembe, hakurudi mpaka saa nane mchana. Siku ya tatu, baada ya misa, akatoka ndani. Amevaa kitenge chake cha Pasaka, kilemba amekifunga mara mbili. Akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango na kitu mapajani. Kitu hicho amenikataza kukitaja. "Picha itamwambia yenyewe," alisema. Nikampiga mara sita, ikalia mara sita.

Halafu? Hakuna kitu. Mama ananiambia, "Lete nione." Nilete nini? Majirani walikuwa wamejaa uani. Ntirampeba, ambaye aliwahi kupigwa picha Kigoma mjini na hututangazia kila Jumapili, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mama ananiuliza asubuhi, hata kabla ya kunisalimu mwakeye, "Sura yangu umeipeleka wapi?" Nimechoka, Ernesta. Mtu angepanda basi akaja kumtazama kwa macho yake mawili, yasiyotumia betri. Niambie picha ziko wapi.

Kaka yako,
Pasikali


Kasulu,
30 Juni 1999

Kaka Pasikali,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia miguu inapungua asubuhi. Mchemshie maji ya chumvi, aitumbukize. Sisi tunaendelea, ila Adija ana mafua.

Nipande basi nije? Nije nikae wapi? Mama alinifungia mlango mbele ya watu, na wewe ndiye uliyeshika komeo. Usidhani nimesahau ni mkono wa nani.

Turudi kwenye kamera. Picha zimo ndani, zimelala. Haziendi kusafishwa kwa mpiga picha, zinatolewa na kompyuta. Ofisini kwetu ipo moja, na waya wa kuunganishia ninao. Nadine, karani wetu, Mrundi, anajua kuitumia. Kwa hiyo mpe Obedi kamera akipita, airudishe.

Lakini shika jambo moja. Nadine amesoma kitabu cha maelezo, kiko kwa Kifaransa. Anasema nguvu za betri zikiisha, picha zote zinafutika. Betri hizo zitunze kama mboni ya jicho. Usipige mtu mwingine, usiwashe bure, usimwazime Ntirampeba hata akulilie. Mama hatakaa mara ya pili. Unamjua, namjua.

Kaka, alikuwa amenuna au hakununa? Niambie hilo tu.

Mdogo wako,
Ernesta


Busunzu,
12 Julai 1999

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba. Mafua ya mtoto yatibiwe kwa asali ya kwetu, nimempa Obedi chupa. Maji ya chumvi mama ameyakataa. Anasema chumvi ni ya mboga.

La komeo nimelisoma. Nilishika kwa sababu mama aliniambia nishike. Wewe ungeambiwa, ungeshika. Halafu siku ile nilikaa nyuma ya mlango mpaka nikasikia lori lenu limeondoka. Tuliache hapo.

Kamera hiyo inakuja, na kuhusu betri usiwe na wasiwasi kabisa. Siku ileile niliyosoma barua yako nilizitoa zote nne, zisije zikachoka bure humo ndani. Nikazifunga kwenye kitambaa cheupe cha mama. Kila asubuhi nimezianika juani, juu ya bati, jioni nazirudisha ndani. Hata redioni sikuzitia, na juma hili kulikuwa na mpira. Watu wazima wamekuja kuniomba, nimewanyima. Zina nguvu kama zimenunuliwa leo.

Mama ameuliza sura yake itachukua siku ngapi kufika Kasulu. Nikamwambia mbili. Nimemwona anahesabu kwa vidole. Kama alinuna au hakununa, utaona mwenyewe.

Kaka yako,
Pasikali


Kasulu,
21 Julai 1999

Kaka Pasikali,

Shikamoo, maana adabu niliyofundishwa haijafutika kama picha zako.

Obedi alifika Jumatatu. Kamera nzima, asali nzima, na betri kwenye kitambaa, safi. Nilipoziona ziko nje, niliogopa. Nikazirudisha mahali pake. Kidirisha kikaandika sifuri. Nikasema labda kidirisha ndicho kibovu. Nadine akachomeka waya, tukasubiri, ofisi nzima imesimama nyuma yetu kumwona mama yangu. Kompyuta ikafungua patupu. Nadine akarudia kusoma kitabu polepole, akanigeukia. Kumbe kuzitoa betri ni sawasawa na betri kuisha. Picha zilikuwa zikila betri hata zikiwa zimelala. Ulipozitoa ulizinyima chakula, zikafa siku ileile, nawe ukaendelea kuanika betri juani juma zima!

Kaka, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, samahani kwa mwandiko. Miaka minne nimemngoja mama anipe nafasi ndogo kama tundu la sindano. Akanipa. Akavaa kitenge cha Pasaka. Nawe ukaitupa.

Nililia mbele ya watu. Nilipomaliza kulia nilikutukana kwa Kiha, na Nadine alielewa yote, maana Kirundi chao hakiko mbali na chetu. Wakati natukana, akanielekezea kamera usoni akabonyeza, aone kama imekufa. Haijafa. Imenitoa mimi, kilemba kimekaa upande, mdomo nimeubenua. Ameichapa kwenye karatasi ya ofisi, nyeusi na nyeupe. Nakutumia, uone ulivyonifanya. Picha pekee iliyowahi kutoka kwenye kamera hii ni ya hasira zangu.

Adija nilishamwambia bibi anakuja ndani ya mashine. Sasa anaipiga mashine makofi, anamwita atoke.

Mwambie mama ukweli. Usimdanganye kwamba picha bado ziko njiani. Na wewe niambie, mapajani alikuwa ameshika nini? Hata kama alikukataza. Niambie nifumbe macho nikione.

Mdogo wako,
Ernesta


Busunzu,
4 Agosti 1999

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba. Mimi mzima, ila usingizi sina tangu barua yako ije. Mtoto amepona mafua?

Nianze na langu. Uliniambia nitunze betri, nikazitunza. Huku kwetu anayetaka betri ya redio au tochi idumu huitoa, huianika. Baba alifanya hivyo, padri anafanya hivyo. Ungeniambia zikae humohumo ndani, zingekaa mpaka Krismasi. Uliandika "zitunze", hukuandika "usizitoe". Na huyo aliyesema hata mtoto anaiweza, aje huku nimwoneshe jembe, tuone nani mwanafunzi. Hayo nimeyasema, yametoka. Sasa nakuomba msamaha. Nilitaka mno picha hiyo ikufikie, kwa sababu ya mkono wangu ule ulioshika komeo.

Niliogopa kumwambia mama. Siku mbili nilizunguka na karatasi yako mfukoni. Juzi akiwa anapepeta maharage nikaitoa, nikasema, "Mama, imekuja karatasi kutoka kwa Ernesta." Nilitaka kuanza na hasira zako ndipo nifike kwenye makosa yangu. Hakunisubiri. Aliichukua akaenda nayo kwenye mwanga, akainyoosha mbali na macho.

"Ndiyo hii," akasema. "Imefika. Sasa mbona sikuambiwa nimenuna hivi? Pasikali, ulishindwa kuniambia? Na mapajani umenikata."

Nikamwambia, "Mama, huyo si wewe. Zako zimefutika zote, na kosa ni langu. Huyo ni Ernesta."

Aliingia ndani, akatoka na kioo changu cha kunyolea. Akakaa palepale kwenye kigoda, anatazama karatasi, anatazama kioo, anarudi kwenye karatasi. Akabenua mdomo mbele ya kioo, makusudi. Kuku waliyamaliza maharage yaliyokuwa kwenye ungo, nami sikuthubutu kuwafukuza. Ndipo akasema, "Nilimwambia sura yangu hataiona tena. Kumbe anaamka nayo kila siku. Sasa miaka yote hii nilikuwa namkataza nini?"

Alilia, Ernesta. Sijamwona akilia tangu tumzike baba.

Ulichouliza ameniruhusu kukitaja. Alikuwa ameshika ingobyi, ile ngozi aliyotubebea mgongoni mimi na wewe. Aliipaka siagi ikalainika, akashona upya kamba zake. Ndiyo zawadi ambayo bibi mzaa mama humpa mtoto, na Adija hakuipata. Nikamwambia, mama, umechelewa, huyo sasa anatembea, anamwaga mawese. Akasema, "Hata akiwa na meno yote, mgongoni kwangu atapanda mara moja." Nikamuuliza, na shemeji Gharibu? Akafikiri. "Naye aje. Ila yeye asitegemee kubebwa."

Basi la Jumatano ndilo linalosindikizwa na polisi kuzuia majambazi, mpande hilo. Komeo nimeling'oa. Lilikuwa limeliwa na mchwa, usije ukadhani ni kwa ajili yako.

Ningeandika zaidi, lakini mama amesimama nyuma yangu anataka nimalize. Kasema barua hii haijibiwi kwa kalamu.

Kaka yako,
Pasikali