Mgeni Wetu Aliniambia Ukweli, Nikamsahihisha Ngeli

Shangazi Specioza mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi, na kama umri wetu ni mmoja basi mwadila tu ya Kisukuma, maana naandika mchana huu wa Jumamosi nikiwa dukani kwangu katikati ya majora ya vitenge, naomba msaada wako lakini naomba kwanza unicheke, ukishanicheka ndipo unisaidie, kwa sababu mimi mwenyewe nimejicheka tangu juzi mpaka kicheko kimegeuka kitu kingine.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nakaa Bariadi mjini, mume wangu ni bwana mifugo kule Meatu na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi, na tuna binti mmoja, Ng'washi, wa miaka kumi na nne. Mkuu wa shule anayosoma Ng'washi aliita kikao cha wazazi, akasema wanakuja wanafunzi watatu kutoka Uholanzi, wote chini ya miaka kumi na nane, watasoma hapa muhula mmoja, je, nani ana chumba? Shangazi, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Chumba sikuwa nacho. Nilikuwa na stoo ya vitenge. Lakini mtaani kwetu hakuna aliyewahi kukaa na mtoto wa Kizungu, na jirani yangu Generoza, fundi cherehani, alikuwa ndiyo kwanza amejenga choo cha ndani, na moyo wangu ulikuwa haujapoa.

Nikahamisha vitenge, nikapaka rangi, nikanunua uma sita ambazo mpaka leo tunachokolea nyama tu kwenye sufuria. Mwalimu Fredrick, anayesimamia wageni hao, akaja kukagua. Akataka mlango wa chumba cha mtoto uwe na komeo kwa ndani. Akabandika namba yake ya simu ukutani. Akasema mtu mzima yeyote atakayekuja kulala hapa shule iambiwe kwanza, picha za mtoto zisirushwe mtandaoni, na mtoto akisema kuna jambo linamkera nisiamue mwenyewe, nimpigie yeye. Akanipa na fomu, kurasa nane za Kiingereza, nikawa nazifunua taratibu huku natikisa kichwa kama hakimu, kisha nikatia sahihi. Jana ndipo nimegundua kwamba ukurasa wa tisa ulikuwa wa Kiswahili.

Msichana akafika, Femke, miaka kumi na sita, mrefu kama mnara wa simu, mpole, Kiswahili anajifunza kwa kuandika kwenye daftari. Alishuka kwenye gari mvua ikinyesha, nikambatiza palepale Kabula, jina letu la wanaozaliwa mvuani, na tangu siku hiyo nikawa natembea naye kama mtu aliyeshinda dume la ng'ombe kwenye bahati nasibu. Nilimpeleka kanisani tukakaa benchi la mbele, mimi ambaye siku zote hukaa nyuma ili niwahi kutoka. Nilimpeleka harusini Ipililo, harusi ambayo hata kadi sikupewa. Nikampiga picha akitwanga, akichota maji, akila michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa uso wa mtu anayetafuna kamba, zote nikarusha kwenye status na maneno "Binti yangu wa Ulaya". Mwalimu Fredrick akapiga simu kwa heshima zote akaomba nizitoe, nikamwambia nimeshazitoa. Nilichofanya ni kumzuia yeye peke yake asizione.

Kaka yangu Maganga aliziona. Maganga anauza samaki Lamadi, nyumbani kwake ni Kiloleli, na ndiye aliyenilea baba alipofariki, kwa hiyo kwetu yeye akikohoa wengine tunanyamaza. Akaja na sangara wawili, akasema ana kliniki ya macho hapa mjini, atakaa wiki mbili. Shule sikuiambia. Niombe ruhusa kwa mwalimu ili nimpokee kaka yangu? Siku ya pili akaliona lile komeo. "Mdogo wangu," akasema, "siku hizi mnafungia milango ndugu?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikachukua bisibisi, nikaling'oa komeo kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikampa Femke somo fupi juu ya ukarimu wa Wasukuma.

Maganga akaanza kumfundisha Kisukuma. Mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya mchana, wabeja ya kushukuru. Mwanzoni walikaa sebuleni, baadaye chumbani, mlango umerudishwa. Akamnunulia hereni. Akaomba namba yake ya simu, nikamtajia mimi, tarakimu moja moja, kwa sauti, asije akakosea. Jioni moja nikiwa nachambua mchicha Femke akaja akasimama mbele yangu, akavuta pumzi, akasema, "Mama, sipendi mjomba kuja ndani ya chumba yangu."

Nikamjibu, "Chumba changu."

"Ndiyo, mama. Chumba changu. Sipendi."

Nikamsifu kwamba sasa amepatia. Mimi, Shangazi, ambaye Kiswahili nilikikuta shuleni, nyumbani kwetu ilikuwa Kisukuma kitupu! Mtoto ananiletea jambo zito, kalibeba kwa lugha ya watu, kalipangilia usiku kucha pengine, na mimi nasikia ngeli. Nikamwambia mjomba ana utani tu, asijali, nikarudi kwenye mchicha wangu.

Alhamisi hii dukani hapakuwa na mteja, nikafunga mapema. Nyumbani nikamkuta Maganga peke yake anatazama mpira. "Watoto wako wapi?" nikamuuliza. "Sijui," akasema, "hao mabinti zako siku hizi wana maringo." Nikatoka kuwatafuta, nikawakuta kwa Generoza. Femke amekaa chini karibu na cherehani na vitabu vyake, Ng'washi anashona vifungo vya shati la mteja. Nilianza kufoka kabla sijavua viatu. Nikamwambia Femke ananidhalilisha, ana chumba kizuri, ana kitanda, ana uma, halafu anakuja kukaa juu ya vipande vya vitambaa kama mtu asiye na kwao. Akanipa simu yake.

Zilikuwa meseji saba za Maganga. Sitaziandika zote. Moja inasema, "Kesho dada akienda dukani usiende shule, sema unaumwa." Nyingine inasema, "Usimwambie dada, ataelewa vibaya." Hiyo nimeisoma mara nyingi, natafuta namna ya kuielewa vizuri.

Generoza akazima cherehani. "Mama Ng'washi," akasema, "sikukuita kwa sababu usingenisikia. Huyu mgeni ana wiki nzima anashinda hapa. Lakini Ng'washi wako hukimbilia hapa kila mjomba wake akija, tangu mwaka jana. Hujawahi kujiuliza?"

Nikamwangalia Ng'washi. Aliendelea kushona kifungo.

Sasa sikiliza ujasiri wangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Maganga kwamba shule inakuja kukagua nyumba, inabidi apishe. Asubuhi nikamfungia chapati nne na karanga za njiani, nikamsindikiza stendi, nikamshukuru kwa samaki. Hivyo ndivyo nilivyomfukuza. Akasema kliniki haijaisha, Jumamosi ijayo atarudi. Komeo nimelirudisha. Mwalimu Fredrick sijamwambia, mume wangu sijamwambia, na Femke aliposema kesho Jumapili atawaeleza wazazi wake kwenye simu, nilimpigia magoti, mimi mtu mzima, nikamsihi asiseme kwanza mpaka nijipange. Na Ng'washi sijamuuliza neno. Naogopa atanijibu.

Nisaidie, Shangazi. Nikisema, ukoo utaniuliza kama aliyenilea ndiye wa kupelekwa kituoni kwa ajili ya mgeni wa miezi mitatu. Nisiposema, Jumamosi inakuja. Je, hakuna njia ya kumzuia tu asije, mambo yakaisha taratibu, na mtaa usijue?

Ni mimi,
Mama Kiherehere, Bariadi

SHANGAZI SPECIOZA ANAJIBU

Mama Kiherehere, jina umejipa mwenyewe na limekukaa. Kicheko ulichoniomba nilikupa, tena cha machozi, mpaka nilipofika kwenye mchicha. Hapo kiliniishia.

Wasomaji wajue kwamba barua hii ilinifikia Jumatatu kwa WhatsApp, picha sita za kurasa za daftari, na sikuingoja siku ya gazeti. Mtoto akiwa hatarini mshauri hasubiri zamu ya ukurasa. Nilimpigia mama huyu saa ileile. Majina yote mliyosoma nimeyabadilisha, na nchi ya msichana pia, na wasichana wote wawili waliulizwa kabla hatujachapa. Niliyomwambia nayarudia hapa kwa sababu najua si nyumba moja yenye mjomba wa namna hii.

Nilikuambia hivi, mama. Ukimzuia tu asije kwako, atakwenda kwa mwingine. Njia ya taratibu unayoitafuta ndiyo aliyokuwa anaitembea yeye. Aliandika, "Usimwambie dada." Wewe ukapiga magoti ukasema, usimwambie mama yako. Ziweke hizo kauli mbili mezani, kisha unieleze tofauti yake.

Ulinililia kwamba alikulea. Naamini. Mtu anaweza kumlea mtoto mmoja na kumwinda mwingine. Shukrani yako kwake ni deni lako wewe, usimlipishe Femke, wala usimlipishe Ng'washi.

Nikakuambia ufunge duka, umwambie Femke kwamba ana ruhusa ya kusema na mama yake dakika hiyohiyo, uziache zile meseji zilivyo bila kufuta hata moja, na uende kwa Mwalimu Fredrick kabla jua halijazama. Ukasema peke yako huwezi. Nikakuuliza ni nani wa kukushika mkono, mwishowe ukamtaja Generoza. Mlikwenda wawili. Kwa hilo nakupongeza, na sitakupongeza tena katika ukurasa huu.

Yaliyofuata umenisimulia mwenyewe. Mwalimu hakukutukana. Femke amehamia kwa mwalimu wa kike, na amechagua kumaliza muhula wake hapa. Mama yake alilia kwenye simu, kisha akauliza nani alikuwa wa kwanza kumsikiliza mwanawe, na ukalazimika kulitaja jina la jirani. Ulinipigia ukiwa na uchungu kwamba mtaa mzima umemwona mgeni wako akiondoka na begi. Ndiyo, mama, wamemwona. Begi hilo ni dogo kuliko lile ambalo angelibeba maisha yake yote.

Jumanne mume wako alifika kutoka Meatu, mkaenda na Ng'washi kwa afisa ustawi wa jamii, kisha kwenye dawati la jinsia na watoto polisi. Ng'washi alizungumza na afisa wa kike pale kwa saa mbili. Alichokisema ni chake, hakitaandikwa gazetini. Jumamosi ya Maganga haikungojwa. Aliitwa kituoni jana, na ninapoandika haya anahojiwa.

Generoza, najua unasoma. Mlango wako ulikuwa wazi, na watoto wawili wanakushukuru. Lakini mwaka mzima umeona mtoto wa jirani anakimbia nyumbani kwao, ukampa vifungo ashone. Ungesema. Kama mama yake hasikii, kuna mwalimu, kuna ustawi wa jamii, kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo kuipiga ni bure.

Na ninyi mnaotamani kupokea wanafunzi wa nje, mkono msiunyooshe kwa sababu ya choo cha jirani. Mtoto aliye mbali na kwao hana shangazi wa kumkimbilia, wala hajui nyumba ipi ina mbwa mkali. Lile komeo mama huyu aliliona kama tusi kwa ndugu zake, kumbe lilimpa mtoto namna ya kusema hapana bila kutafuta maneno. Ndugu anayekasirishwa na komeo la mlango wa mtoto, muulize alikuwa anataka kupita kwenda wapi. Fomu isome, na kama hujui lugha yake sema hujui. Na shule ikikuletea mtoto bila kukukagua wala kukuuliza nani analala nyumbani kwako, mrudishe mtoto huyo kwao akiwa mzima.

Sasa wewe, mama. Umeniandikia kurasa sita juu ya mgeni, na binti yako amepata mistari michache. Mgeni ana mwalimu, ana ubalozi, ana wazazi wanaopiga simu kila Jumapili. Ng'washi ana wewe. Kuanzia leo duka lifungwe saa tisa. Uwepo anapotoka shule. Usimhoji, maswali yana wenyewe waliosomea. Pika, kaa naye. Siku akitaka kukuambia kwa nini hakukuambia, msikilize mpaka mwisho, na usijitetee.

Umenieleza kwamba Jumapili wazee wa ukoo wanakuja kutoka Kiloleli na kikao chao, na kwamba tayari anatajwa ng'ombe wa kumaliza maneno nyumbani. Mlango aufungue Baba Ng'washi. Wape viti, wape maji, wasalimie kama inavyostahili. Waambie jambo hili liko kituoni. Ukishasema hivyo usiongeze neno, hata wakikaa mpaka jioni. Na Ng'washi asiitwe sebuleni.