Matairi ya Bi Mkubwa

Shangazi Jenoveva, shikamoo. Nakuandikia moyo ukichemka, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo. Mimi ni mke mkubwa wa Sharifu, nakaa Magamba, mwenzangu Rukia amewekwa Soni, na mume wetu ana gari la fowili, lile linalovuta kwa matairi yote manne, ndilo linaloteremsha karoti na kabichi zetu hadi Mombo na ndilo linalotulisha sote. Matairi yalipokwisha Sharifu akasema anataka haki, kila mke anunue mawili, basi mimi kwa kuwa ni bi mkubwa nikachukua ya mbele na Rukia ya nyuma. Nikasikia Rukia keshanunua, mapya kabisa, saizi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na Sharifu anamsifia kila anapokaa, roho ikaniuma, Shangazi, nikashuka Mombo nikachagua makubwa yenye meno, yanayoonekana toka mbali, fundi akasema mama haya yamezidi saizi, nikamwambia wewe funga. Gari likainua pua, watu sokoni wakauliza matairi ya nani yale, nikafurahi, sikatai.

Sasa tangu siku hiyo gari linaunguruma kwa chini, kwenye kona za Soni linagoma kukata kama linashikwa, likifika Mombo linanuka kuungua na taa imewaka kwenye dashibodi. Sharifu kaamua ya Rukia ndiyo mabovu kwa sababu mlio unatokea nyuma, kamgombeza mbele ya watu na zamu yake haendi, yuko kwangu tu. Rukia alinipigia akilia, akasema, "Dada, mimi nilinunua nilichoambiwa," nikamwambia pole, nikakata simu. Nimepata wazo, nimwambie Sharifu ang'oe ya Rukia, nami niongeze mengine mawili makubwa, gari zima livae vyangu. Ila Jumamosi tunashuka wote na watoto kwenye harusi Mazinde, na usingizi siupati. Je, nikifanya hivyo nitakuwa na kosa?

Sabra, Magamba

Sabra, marahaba. Uke wenza unauma, na maumivu yako siyadharau. Lakini umeandika barua nzima kumshtaki Rukia, na shahidi uliyemleta anakushtaki wewe. Gari linaumwa kwa matairi yako.

Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo. Gari lenu limeunganishwa mbele na nyuma, kwa hiyo yako yanazunguka polepole na ya Rukia yanalazimika kukimbia ili yafike pamoja. Kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kimewekwa kwa ajili ya tofauti ndogo za kwenye kona, wewe umekipa kazi ya safari nzima, hata barabara ikinyooka. Hapo ndipo moto na harufu vinapotoka. Kwenye magari mengi ya namna hiyo kifaa chenyewe kiko karibu na difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, ndiyo maana mlio unasikika upande wa Rukia.

Wazo la kufunga makubwa manne litupe. Yatakwaruza madigadi ukikata kona na mzigo, mshale wa spidi utakudanganya, na breki zitaelemewa kwenye mteremko ule. Tena gari hilo halina bi mkubwa, linataka yote manne yalingane. Sharifu naye ana lake, maana matairi hayagawiwi kama zamu.

Basi fanya hivi. Gari lisishuke tena mpaka hayo mawili yatolewe. Nunua saizi ya kwenye kibandiko, aina ileile ya Rukia, na yawe mapya kama yake, kwa sababu hata jipya likichanganywa na lililolika huleta taabu hiyohiyo. Fundi akague mafuta ya gia na ya difu kabla hamjapakia mtoto yeyote. Yasipokuwa tayari Jumamosi, nendeni harusini kwa basi.

Halafu mwambie Sharifu ukweli kwa mdomo wako, palepale alipomgombezea mwenzako, watu wakisikia, na usiku huo alale Soni. Najua utaona haya. Rukia ameipata aibu hiyo kabla yako, bila kosa. Anakuita dada, Sabra. Mpigie, na safari hii usikate wewe.