Kazi ya Kipoyi Haikuhesabiwa

Mjukuu wangu Neema,

Pokea huko Mbarara salamu zetu kutoka hapa kambini Rubondo. Bibi yako kifua kimetulia, na mbuzi amezaa mapacha.

Unauliza kama ni kweli kazi ya kujitolea haiongezi kitu katika uchumi, kama mwalimu wenu anavyosema mnapolinganisha mapato ya nchi. Niliposoma hayo, chai ilinishinda.

Nikiwa kijana kule Kivu, sisi wanne tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu tangu usiku. Njiani tukasimamishwa na karani wa serikali aliyekuwa akihesabu wafanyakazi.

"Munafanya kazi gani?"

"Si unaona, chef," nikamjibu; kwetu mkubwa tulimwita hivyo.

"Nani anawalipa?"

"Hakuna."

"Basi hamuna kazi."

Rafiki yangu Bahati akamwambia, "Kama haya ni mapumziko, chef, kuja upumzike na sisi." Akamkabidhi ncha yake ya mti.

Karani alibeba mpaka dispansari, shati limelowa. Mtoto akazaliwa salama. "Hii kazi iko nguvu," karani akasema, akihema. Lakini katika daftari lake sisi alituacha palepale, kwenye hesabu ya wasio na kazi, na mshahara wa siku ile akapokea yeye.

Mweleze mwalimu wako hayo kwa adabu. Mimi kazi yangu imeisha.

Babu yako